Santuri, Redio na Chuma cha Moto

Wazee wa huku Gisenyi na ng'ambo Goma wanakumbuka santuri za Léopoldville, ambako kampuni ya Ngoma ilianza kurekodi mwaka 1948. Mwaka 1960 ikaja Indépendance Cha Cha ya Grand Kallé na African Jazz, iliyorekodiwa Brussels.

Santuri za kwanza, za mizunguko 78 kwa dakika, zilikuwa za utomvu wa wadudu. Ukizifuta kwa spiriti zinaharibika. Zile za plastiki zilizofuata unaziosha kwa maji na sabuni kidogo. Vumbi la volkano ni adui wa zote: likiingia kwenye mifereji, sindano inalisaga na sauti hairudi tena.

Halafu 1994. Mwezi wa Julai, karibu watu milioni moja walivuka mpaka huu kuingia Goma kwa siku chache tu. Santuri ni nzito na inavunjika. Redio ndogo inabebeka. Mwaka uleule BBC ilianzisha Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia, kipindi cha kusoma majina ya watu waliopoteana. Basi fikiria waya umekatika ndani ya redio yako: jina la mama yako linapita, wewe husikii. Fundi mwenye chuma cha moto na tone la risasi anaushika ule waya, sauti inarudi.

Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi na vijana kambini tunawaambia wafadhili: mipira asante, lakini leteni na vyuma vya kulehemu.