Hukumu na Hekima

Tazama maneno haya manne: hakimu, hukumu, mahakama, hekima. Yote tumeyapata kutoka Kiarabu, na yote yamejengwa kwa konsonanti zilezile tatu: h, k, m. Matatu ya kwanza ni ya mamlaka. La nne ni la maarifa. Ni ndugu wa shina moja.

Mwanafalsafa wa Ufaransa, Michel Foucault, aliuchambua undugu kama huo, wa mamlaka na maarifa, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu adhabu na magereza. Alieleza kwamba viwili hivi huzaana: gereza humchunguza mfungwa na kumfungulia jalada, kisha yaliyomo jaladani huwa elimu ya kumtawala yeye na wenzake.

Nasi tumeyaona haya kwa karibu. Kwa miaka mingi, mshtakiwa mbele ya Mahakama Kuu ya Tanzania aliweza kujieleza kwa Kiswahili, huku jaji akiandika kwa Kiingereza. Hatima yake ilikaa kwenye karatasi ambayo pengine hakuweza kuisoma. Aliyeijua lugha ya karatasi ndiye aliyeshika mpini. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama.

Lakini hata Kiswahili kinaweza kufumbwa kikawa kigeni. Basi ewe mwandika hukumu, tumia maneno ambayo anayehukumiwa atayaelewa. Hukumu isiyoeleweka ni amri tupu. Hekima imekwisha kuitoka.