Mipaka ilihama, huduma je?

Wadau, mwaka 2012 wenzetu wa Kalemela, Busega, walihama Mkoa wa Mwanza kwenda Simiyu bila kubeba hata kigoda. Makao makuu ya mkoa mpya yakawa Bariadi. Serikali imesogea!

Ila tukumbuke historia. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa, maofisa wa serikali kuu wakashika usukani. Madaraka yalisogea kweli, lakini mwananchi akakosa chombo chake cha kuwabana. Huduma za miji zikadorora. Halmashauri za miji zikarudishwa 1978, za wilaya 1984.

Funzo? Ofisi mpya siyo bomba la maji. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, nendeni mkaulize mapato na matumizi. Mnasemaje?