Barabara za Mbale na Jinja: Kutoka Amri Hadi Idhini



Wengi wetu tuliotoka Kenya mapema mwaka 2008 tulipokelewa Mulanda, karibu na Tororo, kabla ya kuletwa hapa Kiryandongo. Kutoka Tororo barabara moja yaelekea Jinja, nyingine Mbale. Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imeona vema kueleza historia ya barabara za huko, kwani inatuhusu na sisi.

Mji wa Mbale ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, Semei Kakungulu, jemadari Mganda, alipohamia chini ya Mlima Elgon. Alifungua barabara pana, zenye miti kandokando. Wenyeji hawakuulizwa, walitolewa majumbani kwenda kulima barabara kwa nguvu. Baadaye serikali ya kikoloni ilijenga reli kwa ajili ya pamba: Jinja hadi Namasagali mwaka 1912, na Tororo hadi Soroti kupitia Mbale mwaka 1929. Mipango hiyo nayo ilitoka juu.

Siku hizi mambo ni tofauti. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali ipate idhini ya Bunge kabla ya kukopa. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mpango wa USMID, wa kuboresha barabara na huduma za miji 14, zikiwemo Mbale na Jinja. Kila mwaka halmashauri za miji zilikaguliwa kwa mipango na hesabu zao, na fedha zilifuata matokeo. Mwaka 2018 ziliidhinishwa dola milioni 360 zaidi, na mpango ukafikia wilaya 8 zinazopokea wakimbizi. Kiryandongo ni mojawapo.

Hata hivyo, idhini peke yake haipitishi gari. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale. Watu zaidi ya 20 walifariki, na barabara na madaraja yakaharibika. Mkazi wa Malukhu na mama mjamzito anayekimbizwa kituo cha afya cha Panyadoli wana haja moja: barabara inayopitika hata siku ya mvua. Barabara isiyo na mitaro haidumu.

Wazee wa Mbale walilima barabara bila kuulizwa. Sisi tunayo nafasi ya kuuliza. Kwa hiyo Kamati inaomba kila klasta ichague mwanamume mmoja na mwanamke mmoja wa kuhudhuria mikutano ya mipango, waulize barabara ipi imepitishwa, mitaro itapita wapi, na nani ataitunza. Ndugu zetu wa mashirika, tunawaomba mtupe taarifa mapema, kabla mipango haijatiwa sahihi. Nasi, kila mmoja azibue mtaro ulio mbele ya nyumba yake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.