Chumvi ya Mlima Elgon

Msomaji, ukiondoka Bungoma alfajiri, ukashika njia ya Webuye kwenda Kitale, usiwe kama wale wasafiri ambao macho yao hayafunguki mpaka wamekwisha fika langoni mwa mbuga. Mtu hutoa fedha nyingi akamtazame ndovu, kumbe njiani amepita nchi nzima yenye habari za ndovu huyo, naye amesinzia kitini.

Webuye waweza kuona kilima cha Chetambe. Hapo, mwaka 1895, Wabukusu walijifungia ndani ya ngome yao ya udongo wakapigana na jeshi lililoongozwa na C. W. Hobley, mwakilishi wa serikali ya Kiingereza. Ngome ilivunjwa, na bunduki zikamaliza maneno. Kutoka hapo njia hugeuka kaskazini, ikapita Kamukuywa na Kiminini, nao Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, hukaa mkono wa kushoto muda wote. Mashamba makubwa ya mahindi utakayoyaona yaligawiwa walowezi wa Kizungu, wengi wao askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Kwanza. Reli ikafika Kitale mwaka 1926 kuchukua mazao yao. Wasabaot, waliokuwa wakichunga ng'ombe katika nchi hiyo ya tambarare, walisukumwa kuelekea mlimani.

Kutoka Kitale mpaka lango la Chorlim ni mwendo wa kilometa ishirini na kitu tu. Weka mizigo yako katika nyumba ya wageni, kisha uingie mbugani jua lingali juu. Mbuga hii ilitangazwa mwaka 1968, nayo ina eneo la kilometa za mraba 169. Katika matembezi yako ya kwanza utaona nyati, pongo, na mbega wenye manyoya meusi na meupe wakiruka juu ya miti. Lakini ndovu huenda usimwone kabisa, kwani msitu ni mzito na yeye amejifunza kumwogopa binadamu. Usihuzunike. Mwombe askari wa mbuga akupeleke kwa miguu mpaka pango la Kitum, ukasome kazi ya ndovu ukutani.

Joseph Thomson, Mskoti aliyefika mlimani hapa mwaka 1883, aliyakuta mapango ya Elgon yakikaliwa na watu pamoja na ng'ombe wao. Aliwauliza wenyeji ni nani aliyeyachimba, nao wakamjibu kwamba ni kazi ya Mungu. Jibu hilo halikumridhisha. Alidhani kwamba taifa fulani kubwa la kale lilichimba humo kutafuta vito au madini ya thamani, hata akajiuliza kama Wamisri walifika mbali hivyo. Ndivyo walivyokuwa wasafiri wengi wa zama zile: wakiona ajabu Afrika, humtafuta mwenyewe nje ya Afrika.

Mlima huu ni volkano iliyozimika, na ndani ya miamba yake mna chumvichumvi. Mvua nyingi ya mlimani huosha udongo, hivyo majani hukosa chumvi ya kumtosha mnyama mkubwa. Kwa sababu hiyo ndovu huingia pangoni, mara nyingi usiku, wakipapasa njia kwa mikonga katika giza lisilo na hata nyota, mama akitembea na mtoto wake. Hung'oa vipande vya mwamba kwa pembe, wakavisaga kwa magego na kuvimeza. Maji yalianza kulitoboa pango, na ndovu, vizazi kwa vizazi, wakalipanua mpaka kufikia kina cha mita 200 hivi. Nyati na pongo hufuata chumvi iyo hiyo, na wachungaji pia walichonga mawe humo kwa ajili ya mifugo yao. Tazama ukuta kwa taa: mifereji ya pembe imejaa kila mahali. Ila usiwasumbue popo wala usiguse kinyesi chao. Wageni wawili waliozuru Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walipatwa na ugonjwa wa Marburg wakafa.

Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili walijua vilevile njia za kwenda pangoni, wakawangojea ndovu kwa bunduki. Waliobaki ni wachache.

Nao watu wa mlima? Hapa ndipo penye ugumu, wala sidhani yafaa kuupita kimya. Waogiek wa Chepkitale, upande wa mlima ulio katika Bungoma, wameishi kwa asali, mifugo na msitu tangu zamani. Mwaka 2000 ardhi yao ilifanywa hifadhi ya wanyama, wakafukuzwa, nyumba zao zikachomwa moto, wakarudi, wakafukuzwa tena. Iliambiwa kwamba ndiyo njia ya kumlinda ndovu. Lakini ndovu wa Elgon aliuawa kwa ajili ya biashara ya pembe, si kwa ajili ya mizinga ya nyuki. Waogiek walikwenda mahakamani, wakangoja miaka mingi. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Bungoma iliamua kwamba ardhi ile ilichukuliwa kinyume cha sheria.