Bruce McLaren na Karakana Yake

Katika mji wa Auckland, nchini New Zealand, alizaliwa mwaka 1937 Bruce McLaren, mtoto ambaye, alipotimiza miaka tisa, alishikwa na maradhi ya nyonga, akalazwa karibu miaka miwili asiruhusiwe hata kusimama. Na siku alipopata idhini ya kutembea, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, akachechemea umri wake wote. Baba yake alikuwa na karakana na kituo cha petroli, na huko ndiko kijana alikojifunza kuifungua na kuifunga injini ya Austin Seven kuukuu, akapata kwenye usukani mwendo alionyimwa na miguu.

Mwaka 1958 alipelekwa Ulaya kwa msaada wa wapenzi wa mashindano ya magari wa nchi yake, akajiunga na timu ya Cooper. Na Desemba 1959, huko Sebring, Marekani, mwenzake Jack Brabham alipoishiwa petroli karibu na mwisho, McLaren akashinda naye ana umri wa miaka 22, mshindi wa Grand Prix mdogo kuliko wote waliomtangulia. Walakini fahari hiyo haikumtosheleza. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake Uingereza, katika banda la New Malden lenye sakafu ya udongo, akakusanya mafundi wachache waliomwita kwa jina lake tu, kwani aghalabu alikuwa akichafuka grisi pamoja nao.

Mwaka 1968, huko Spa, Ubelgiji, alishinda kwa gari lenye jina lake mwenyewe, na safari hii pia aliyekuwa mbele, Jackie Stewart, petroli ilimwishia; McLaren hakujua kwamba ameshinda mpaka alipoambiwa. Wako wanaoiita bahati. Mimi siafiki, kwa sababu gari lile lilifika, na lilifika kwa kuwa lilijengwa na watu waliohesabu kila tone na kila parafujo. Mwaka uliofuata magari yake ya rangi ya papai bivu yalishinda mashindano yote 11 ya Can-Am huko Amerika, kisha yeye akaanza kuendesha barabarani gari la M6GT, akitumaini siku moja kuyauza ya namna hiyo kwa watu wa kawaida.

Desturi yake ilikuwa kulijaribu mwenyewe kila alilolitengeneza. Tarehe 2 Juni 1970, katika kiwanja cha Goodwood, akilijaribu gari jipya la M8D, kifuniko cha nyuma kiling'oka katika mwendo mkali, gari likapoteza mshiko wa ardhi, likagonga kibanda cha wasimamizi, na mauti yakamfika papo hapo, akiwa na miaka 32.

Mafundi walipewa ruhusa ya kukaa nyumbani kesho yake. Wakaja kazini wote. Tarehe 14 Juni, katika mashindano ya Can-Am huko Mosport, Kanada, dereva Dan Gurney alishinda kwa M8D, na dereva mwenzake Denny Hulme, ambaye mikono yake iliungua Indianapolis mwezi uliotangulia na ilikuwa bado haijapona, akamaliza wa tatu.