Mali bila Daftari: Saini katika Historia ya Keneli ya Linux

Muhula uliopita kikundi chetu cha watu watano kilipewa sifuri katika kazi ya darasa. Aya mbili zilikuwa zimenakiliwa, na hakuna aliyeweza kusema zililetwa na nani. Wote tulikuwa tumesaini tamko kwamba kazi ni yetu. Ndiyo maana, niliposoma historia ya Linux, kisa cha mwaka 2004 kilinigusa. Katika insha hii ninaeleza jinsi mstari mmoja wa saini ulivyoingia katika mradi huo na kwa nini uliingia wakati huo.

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayosimamia kumbukumbu, vifaa na programu nyingine za kompyuta. Linus Torvalds alianza kuandika keneli ya Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka 1992 aliiweka chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuusoma msimbo, kuubadili na kuusambaza, mradi awape wengine ruhusa hiyohiyo. Watu wa nchi nyingi wakawa wanatuma viraka, yaani mabadiliko ya msimbo, kwa barua pepe. Watunzaji walikagua kama kiraka kinafanya kazi. Kuhusu kilikotoka, watu waliaminiana.

Machi 2003 imani hiyo ilijaribiwa. Kampuni ya SCO Group ya Utah, Marekani, iliishtaki IBM ikidai dola bilioni 1, kiasi ilichokiongeza baadaye. Ilidai kwamba IBM imeingiza katika Linux mali ya Unix, mfumo ambao SCO ilisema ni wake. Kampuni nyingine zilizotumia Linux nazo ziliandikiwa barua za onyo.

Kilichofuata ni kazi ambayo mwanafunzi wa historia anaijua: kurudi kwenye nyaraka. SCO ilipotaja baadhi ya mafaili, Torvalds alirejea matoleo ya mwanzo na kueleza kwamba mengine aliyaandika mwenyewe. Hata hivyo, si kila dai lilikuwa hewa. Kampuni ya SGI ilikiri kwamba vipande vidogo vinavyofanana na msimbo wa Unix viliingia kwa bahati mbaya katika mchango wake, na vikaondolewa.

Mei 2004 Torvalds alipendekeza utaratibu mpya. Kila anayetuma kiraka aongeze mstari wenye jina lake na anwani yake ya barua pepe. Kwa mstari huo anathibitisha moja kati ya mambo matatu: ameuandika msimbo mwenyewe na ana haki ya kuutoa, au umejengwa juu ya kazi ya mwingine ambayo leseni yake inaruhusu, au ameupokea kwa mtu aliyekwisha kuthibitisha hivyo, naye hakuubadili. Mtunzaji anayeupitisha naye husaini. Kwa hiyo msimbo wa mtu mwingine haukukatazwa, bali ulitakiwa uje na nasaba yake, kama hadithi inavyokuja na isnadi, ule mlolongo wa wapokezi wake.

Wapo wanaosema Linux iliokolewa na mahakama. Mimi naona jibu hilo halitoshi. SCO iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2007. Mwaka 2010 baraza la mahakama huko Utah liliamua kwamba hakimiliki za Unix ni za Novell, si za SCO. Mvutano na IBM ulimalizwa kwa maafikiano mwaka 2021, miaka 18 baada ya kuanza. Mradi unaopokea viraka kila siku usingeweza kungoja hukumu; ulihitaji kumbukumbu zake wenyewe.

Ni kweli kwamba saini haimzuii mwongo kudanganya. Lakini inaacha jina la mtu wa kuulizwa, jambo ambalo kikundi chetu hakikuwa nalo. Mimi ndiye niliyekusanya rasimu ile. Nilipokea aya, nikaangalia kama zinasomeka vizuri, sikuuliza zimetoka wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muhula huu, kila aya inayoletwa kwenye kikundi naiandikia pembeni jina la aliyeileta na alikoipata.