Mawasiliano ya Kumbukumbu Mtambuka

Mawasiliano ya kumbukumbu mtambuka ni utaratibu wa kompyuta kuu za IBM zinazoendeshwa na z/OS, unaoiwezesha programu iliyo katika nafasi moja ya anwani, yaani eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa kazi moja, kuita huduma iliyo katika nafasi nyingine. Programu inayotoa huduma, ambayo ni lazima iwe na idhini ya mfumo, hutenga fahirisi ya kiungo kwa makro ya LXRES, huunda jedwali la maingilio kwa makro ya ETCRE, kisha huliunganisha na fahirisi hiyo kwa makro ya ETCON. Programu mteja hutoa amri ya PC (Program Call) yenye namba ya huduma, ambapo prosesa hukagua idhini na kuhamisha utekelezaji papo hapo, na amri ya PR (Program Return) huurejesha ulikoanzia.